Kutoka Uzururaji hadi Jua Kali: Historia ya Majina ya Kazi Ndogo Ndogo Mjini Nairobi

Utangulizi

Imezoeleka miongoni mwa wanaisimu kuuacha msamiati wa uchumi mikononi mwa wachumi, na miongoni mwa wachumi kuyachukulia majina ya vitu kuwa ni nguo tu ambayo kitu huvikwa baada ya kwisha kuzaliwa. Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja unaokwenda kinyume na mazoea hayo yote mawili. Mfano wenyewe ni wa kazi ndogo ndogo za mjini Nairobi: ufuaji wa bati, useremala wa kando ya barabara, uchuuzi, uchukuzi wa abiria, utengenezaji wa magari uwanjani. Kazi hizo zilikuwako tangu mji ulipoanza, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya sabini hazikuonekana na wenye fedha wala na watunga sera, ama zilionekana kama uchafu wa kufagiliwa. Baadaye zikaonekana. Swali ni hili: zilionekana kwa jina gani, nani alilitoa jina hilo, na jina hilo lilileta nini pamoja nalo?

Upendeleo katika matumizi ya mtaji, yaani ile tabia ya kuona kwamba fedha hufaa kuwekwa hapa na si pale, aghalabu huelezwa kwa hesabu za faida na hasara. Lakini kabla ya hesabu kuna hukumu ya awali, ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa kasumba. Mtu hahesabu faida ya kitu ambacho amekwisha kukiita takataka. Ndiyo maana historia ya sera za Nairobi ni pia historia ya maneno.

Mji uliopangiwa wengine

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mji uliomea hapo ulipangwa kwa imani kwamba Mwafrika ni mpita njia: anakuja kufanya kazi ya mshahara, kisha anarudi kwao. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kuchukua kipande, na neno hilo la kawaida kabisa, ambalo asili yake ni sehemu tu ya kitu kizima, likapata maana mpya na chungu iliyodumu katika kumbukumbu za wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilitengwa iwe makazi halali ya Waafrika upande wa mashariki. Upande wa magharibi, ambako ardhi imeinuka na hewa ni baridi, uliachiwa Wazungu na bustani zao.

Katika mpango wa namna hiyo mtu asiye na mwajiri hakuwa na mahali, wala hakuwa na jina la heshima. Maneno yaliyotumika juu yake katika Kiswahili cha utawala yalikuwa mawili hasa. La kwanza ni mzururaji. La pili ni mhuni, neno ambalo katika matumizi ya zamani lilimhusu mtu asiye na mji wala jamaa wa kumtunza, na ambalo katika miji ya kikoloni, Nairobi kama Dar es Salaam, lilikaza maana likawa jina la mtu yeyote ambaye kuwako kwake mjini hakukumfaa mwajiri. Yafaa kuangalia vizuri kosa la kimantiki lililo ndani ya maneno haya. Mwanamke aliyepika uji alfajiri akawauzia makuli, au kijana aliyekunja bati la debe akapata taa ya mafuta, hakuwa akizurura. Alikuwa kazini tangu jua halijachomoza. Lakini kwa kuwa kazi yake haikuandikwa katika kipande, lugha ilimhesabu miongoni mwa wasio na kazi. Mwaka 1949 ikatungwa hata sheria ya kuwashughulikia watu waliodaiwa kukosa kazi kwa hiari yao wenyewe.

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa mji, uliotungwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson, na miaka miwili baadaye Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Mshahara wa Mwafrika ulikuwa bado ukikadiriwa kana kwamba ni mseja milele. Ilibidi kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ipendekeze kwamba mfanyakazi apewe ujira wa kutosha kumlisha mke na watoto. Hapo pana fundisho kwa mwanahistoria wa uchumi. Mji uliowalipa watu kiasi cha mtu mmoja, huku watu hao wakiishi wawili na watano, haungaliweza kusimama siku moja pasipo uji wa rejareja, nguo za mitumba na viatu vya matairi. Wachuuzi waliofukuzwa barabarani ndio waliokuwa wakiziba pengo la mshahara.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mipaka ya jiji ilipanuliwa sana, na Dagoretti, iliyokuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, ikaingizwa ndani. Kwa hiyo Kawangware, Riruta na Waithaka, mahali palipokuwa na vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari na mashamba yaliyopimwa na kupewa hati katika miaka ya 1950, zilijikuta ghafla ni mitaa ya jiji, zikipakana na Lavington na nyumba zake za ekari nzima. Mwenye shamba la Kawangware alijenga vyumba vya mbao na mabati, akapangisha kwa watumishi wa Lavington, kwa mafundi na kwa wachuuzi. Ardhi ilikuwa yake kwa hati halali. Vyumba vilikuwa haramu kwa sheria za ujenzi. Sheria hizo, zilizopitishwa upya mwaka 1968, zilichotwa karibu zote kutoka Uingereza. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kipimo kilichotungiwa watu wengine: nyumba ya Mkenya ilihukumiwa kwa baridi ya nchi ambayo mwenyewe hajawahi kuiona.

Fedha huenda penye fedha

Itakuwa dhuluma kuuweka mzigo wote juu ya ukoloni. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, uliohusu usoshalisti wa Kiafrika na ambao Tom Mboya alikuwa mtetezi wake mkubwa, ulisema waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye rutuba, mvua, njia na umeme. Kwa maneno mengine, mahali palipokwisha kupendelewa papendelewe tena. Katika mwezi wa Julai mwaka huohuo mchumi Barack Obama, Mjaluo aliyesoma Marekani na ambaye mwanawe angekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, aliuchambua waraka huo kwa ukali katika jarida la *East Africa Journal*, akihoji kama usoshalisti huo ulikuwa ni usoshalisti kweli. Alikuwa karibu peke yake.

Hoja ya waraka ilikuwa na sura ya kisayansi, na hapo ndipo penye hatari yake. Yeyote angeweza kujibu kwamba rutuba ni rutuba, mvua ni mvua. Lakini njia na umeme havikuanguka kutoka mbinguni. Vilipelekwa na serikali iliyokuwa na watu wake wa kupelekewa. Na ndani ya jiji hesabu ilikwenda vivyo hivyo. Banda la fundi halikuwa na maji kwa sababu halikuwa halali, na halikuweza kuhalalishwa kwa sababu halikuwa na maji.

Kulikuwa na mfano mmoja uliokanusha hukumu hiyo, japo haukuwa wa mjini. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba chai ni zao la mashamba makubwa tu, kwamba mkulima mdogo hataweza kuchuma majani mawili na kichipukizi kwa nidhamu inayotakiwa na viwanda. Shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilipoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa fedha za Uingereza na za Benki ya Dunia, wakulima hao walithibitisha kinyume chake, na chai yao ikapata sifa sokoni. Mtu angetegemea kwamba wenye mitaji, baada ya kuona wamekosea juu ya chai, wangejiuliza kama hawakukosea pia juu ya bati na mbao. Hawakujiuliza. Mkulima alikuwa na jina zuri katika Kiswahili na katika Kiingereza. Fundi wa kando ya barabara hakuwa nalo.

Wageni kutoka Geneva

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, kwa ombi la serikali ya Kenya, lilileta ujumbe mkubwa wa wataalamu chini ya uongozi wa Hans Singer na Richard Jolly wa Chuo Kikuu cha Sussex. Ujumbe huo ulikuwa wa tatu katika mfululizo wake, baada ya ule wa Colombia na ule wa Sri Lanka. Walitarajiwa wahesabu watu wasio na kazi na kueleza jinsi ya kuwapatia. Walifanya kazi pamoja na wanachuo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hasa wa taasisi yake ya uchunguzi wa maendeleo, na walichokiona mitaani kiliwageuza swali. Walikuta kwamba tatizo kubwa la Nairobi halikuwa watu kukosa kazi. Watu walikuwa wakifanya kazi, tena kazi ngumu, bali walibaki maskini. Walikuta vilevile kwamba kazi hizo zilikuwa na mantiki: zilikuwa rahisi kuingia, zilitumia mali iliyopatikana hapa hapa, zilikuwa mali ya jamaa, zilitumia mikono mingi na mitambo michache, ujuzi wake ulipatikana nje ya shule, na masoko yake yalikuwa ya ushindani usiosimamiwa na mtu.

Ripoti yao, juu ya ajira, mapato na usawa, ilizipa kazi hizo jina la sekta isiyo rasmi. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kutajwa mwaka uliotangulia na Keith Hart, aliyechunguza wahamiaji wa Accra, lakini ni ripoti ya Kenya iliyolipeleka ulimwenguni kote. Yaweza kusemwa pasipo kutia chumvi kwamba Nairobi iliupa uchumi wa dunia mojawapo ya istilahi zake mashuhuri kabisa za karne ya ishirini. Ripoti ilishauri ubomoaji wa vibanda ukome, leseni zisizo na maana zifutwe, na serikali yenyewe inunue bidhaa za mafundi hao.

Wapinzani hawakukosekana. Colin Leys, katika mwaka wa 1973, alitoa hoja kwamba istilahi hiyo inaficha zaidi ya inavyofichua. Kwamba fundi na mchuuzi hawako nje ya ubepari hata kidogo, bali ndio wanaouwezesha kulipa mishahara midogo kwa kuwapa wafanyakazi chakula na huduma za bei ya chini. Msomaji ataona kwamba hoja hiyo inaafikiana na yale yaliyosemwa hapo juu juu ya uji na mshahara wa mseja. Hata hivyo, Leys aliwajibu wanachuo wenzake. Askari wa jiji alikuwa bado anamwaga uji.

Kwa mwanaisimu, jambo lenye mvuto zaidi ni tafsiri. Neno la Kiingereza walilotumia wataalamu hao lahusu umbo: jambo lisilopangwa kwa umbo linalotambulika. Kiswahili kilipolitafsiri kilichagua *rasmi*, neno la asili ya Kiarabu ambalo halihusu umbo bali kibali. Kitu rasmi ni kitu chenye mhuri. Hivyo tafsiri ilisema ukweli ambao neno lenyewe la Kiingereza lilikuwa likiuzunguka. Kilichoitofautisha karakana ya barabara ya viwanda na banda la Gikomba hakikuwa umbo la kazi, kwa maana banda lilikuwa na utaratibu wake, na bei zake, na mabwana na wanafunzi wake. Kilikuwa ni mhuri wa serikali tu. Lakini tafsiri hiyohiyo ilirithi kasoro ya mama yake. Imejengwa kwa kikanushi *-si-*. Inamtambulisha mtu kwa kile alichonyimwa, na inakaa kimya juu ya kile anachofanya.

Septemba 1973

Serikali iliijibu ripoti kwa Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1973, uliokubali kwa jumla haja ya kuzisaidia kazi ndogo. Mwezi wa Septemba mwaka huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, katika jumba jipya la mikutano la Kenyatta, lililochorwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso na kufunguliwa mwezi huohuo. Hapo Robert McNamara, Rais wa Benki, alitoa hotuba ambayo imekumbukwa kwa jina la mji ilikosomwa. Alisema kwamba watu wanaokaribia milioni 800, yaani asilimia 40 ya watu bilioni 2 wa nchi zinazoendelea, wanaishi katika ufukara uliopita kiasi, na kwamba ukuaji wa uchumi haukuwafikia. Alitaka mavuno ya wakulima wadogo yawe yakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka ifikapo mwaka 1985.

Hapo taasisi kubwa ya fedha ilikiri hadharani, tena katika Afrika, kwamba mwelekeo wake ulikuwa umewapita maskini kando. Ukweli huo hauna budi kuheshimiwa. Lakini aliyetoka katika jumba lile akatembea kwa miguu kuelekea mashariki, akavuka River Road na kushuka hadi Kamukunji, safari isiyomaliza nusu saa, angefika mahali ambapo hotuba haikufika. McNamara alimzungumzia mkulima. Ripoti ya Geneva ilimzungumzia fundi wa mjini. Hotuba ilitolewa kwa Kiingereza, ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, waraka wa serikali ulichapishwa kwa Kiingereza. Na waliohusika walikuwa wakizungumza Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kijaluo na Kiluhya. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Julai 1974, Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge kadhaa waliokuwa mabubu wakageuka wasemaji hodari. Miswada ya sheria, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Fundi angeweza kusikia akizungumziwa, lakini hangeweza kusoma lililoamuliwa.

Ni ajabu kwamba tendo moja lililokuwa na matokeo makubwa kuliko nyaraka zote katika mwaka ule wa 1973 lilikuwa ni amri ya mdomo. Magari madogo ya abiria yalikuwa yakifanya kazi kwa kujificha, kwa kuwa kampuni ya Kenya Bus Service ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya kuchukua abiria jijini. Kenyatta aliyaruhusu yafanye kazi bila ya leseni za bodi ya uchukuzi. Wakazi wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti, ambao mabasi yaliwafikia kwa shida, waliipokea ruhusa hiyo kwa furaha. Jina la magari hayo, *matatu*, lilikuwa limekwisha kutangulia amri. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba limetokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Yafaa kuangalia kiambishi: *ma-* yaonyesha upatanisho na nomino ya wingi iliyodondoshwa, na upatanisho huo wakubalika katika Kikuyu na katika Kiswahili pia, jambo ambalo pengine lilisaidia neno kupita mpaka wa lugha bila ya kusimamishwa. Hakuna mtaalamu aliyeliunda. Limetaja bei na basi. Halimwombi mtu radhi kwa kukosa leseni.

Jina la wenyewe

*Jua kali* ni neno la namna hiyo. Kamusi za zamani, ikiwa ni pamoja na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilitoka kabla neno hilo halijapata maana yake ya kikazi. Hapo mwanzo lilikuwa ni maelezo tu ya mahali: fundi wa jua kali ni yule ambaye hana paa, anayefua sanduku, karai au koroboi juani, tofauti na aliye ndani ya karakana. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa limeenea Nairobi nzima, kutoka wafua bati wa Kamukunji hadi maseremala waliopanga vitanda na makochi yao kandokando ya Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner.

Sarufi yake ina mambo. Ni kundi la nomino na kivumishi, na lingetazamiwa kufuata ngeli ya *jua*. Lakini hakuna asemaye kwamba jua kali hili limenitengenezea mlango. Neno limejifunga, likawa kama jina la mahali au la chama, nalo huunganishwa kwa kihusishi cha *-a*: kazi ya jua kali, watu wa jua kali, sekta ya jua kali. Kisha likazaa *wanajuakali*. Halikanushi kitu. Linataja taabu ya mtu, na katika taabu hiyo hiyo mna fahari, kwani anayeweza kufanya kazi juani mchana kutwa si mzururaji.

Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akaahidi kuwajengea mabanda. Mabanda yalijengwa. Mwaka huohuo mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza kutekelezwa katika shule za msingi, ukiwa na masomo ya ufundi ili kijana aweze kujiajiri, na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa. Waraka wa Bunge Na. 1 wa mwaka 1986 uliipa sekta hiyo nafasi kubwa katika mipango ya taifa. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya ufundi iliyokabidhiwa kuishughulikia. Na Waraka Na. 2 wa mwaka 1992 ukaitwa, katikati ya anwani ya Kiingereza, kwa jina la *Jua Kali*. Ni maneno mawili tu ya Kiswahili katika anwani nzima, lakini yamesafiri kutoka mdomoni mwa mfua bati hadi jalada la serikali, safari ambayo istilahi za kamati chache zimewahi kuifanya.

Jirani hawakuwa na bahati hiyo. Tanzania, ambayo ilikuwa imeendeleza Kiswahili kuliko nchi yoyote, mwaka 1983 ilipitisha sheria ya nguvukazi, na wachuuzi wa Dar es Salaam wakakamatwa pamoja na wazururaji na kupelekwa vijijini. Katika siasa ya wakati ule mtu asiye mkulima wala mfanyakazi wa mshahara alikuwa karibu sana na kuitwa kupe. Jina la *machinga*, lililochukuliwa kutoka kwa watu wa kusini, lilikuja kupata heshima baadaye, hata Rais Magufuli akaagiza mwaka 2018 wapewe vitambulisho kwa shilingi 20,000. Nchini Uganda, wakati wa Idi Amin, biashara iliyowaweka watu hai ilijulikana kwa neno la Kiswahili *magendo*, ambalo ni jina la kosa. Lugha kuwa moja hakukuzifanya sera kuwa moja. Aidha, kuikuza lugha hakumaanishi kwamba wanaoikuza wameacha kasumba zao.

Watano

Kuhusu fedha zenyewe, benki zilichelewa kuliko serikali. Zilidai hati ya shamba au nyumba, na fundi hakuwa nayo. Shirika la K-REP, lililoanzishwa mwaka 1984 kwa fedha za Marekani, lilianza kwa kupitishia mikopo kwenye mashirika mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza mpango wake wenyewe wa kukopesha huko Kibera, kusini magharibi mwa jiji, kwa kufuata mfano wa Grameen wa Bangladesh. Mpango uliitwa Juhudi. Wakopaji waliunda vikundi vya watu watano vilivyoitwa *watano*, na vikundi hivyo vikaungana katika *KIWA*, yaani kikundi cha wanabiashara. Dhamana ya mkopo ilikuwa ni jirani.

Jambo hili latakiwa litazamwe kwa makini na wanafunzi wa istilahi. Watunga mpango wangeweza kuleta maneno ya Bangladesh au ya Kiingereza. Walichukua kivumishi cha idadi, wakakigeuza nomino. Mwanamke muuza mboga hakuhitaji kufundishwa maana ya watano. Alikuwa tayari katika chama cha kuchangiana na wenzake, na chama hicho ni benki iliyozitangulia benki zote za jiji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, K-REP ikapewa leseni ya kuwa benki kamili. Hukumu ya zamani kwamba maskini halipi deni ilikuwa imepata jibu lake katika daftari.

Jibu la pili lilipatikana kwa njia ya kustaajabisha. Simu ya mkononi ilipojaribiwa kama chombo cha kulipia mikopo midogo ya namna hiyo, kwa fedha za serikali ya Uingereza na za kampuni ya Vodafone, waliopewa waijaribu walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mradi walikuwa na busara ya kuwafuata watumiaji wao. M-Pesa ilifunguliwa mwezi wa Machi mwaka 2007, na jina lake, herufi moja na neno la Kiswahili, halikutafsiriwa kwa mtu.

Mabaki

Isidhaniwe kwamba kasumba ilitoweka. Mwezi wa Mei mwaka 1990, miaka mitano baada ya Kamukunji kutembelewa, vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, vilibomolewa kwa nguvu na wenyeji wakapambana na askari. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997 tu. Neno *kanjo*, ambalo ni Kiingereza cha baraza la jiji kilichomezwa na kutapikwa na wachuuzi, limebaki kuwa jina la mtu wa kukimbiwa, ingawa baraza lenyewe halipo tena tangu serikali za kaunti zilipoundwa mwaka 2013. Upanuzi wa Ngong Road katika miaka ya 2010, uliosaidiwa na Japani, uliwaondoa maseremala wengi waliokuwa pale kwa miongo kadhaa. Barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, yaanzia Mlolongo na kuishia Westlands, na juu yake mtu hulipa ushuru. Mkokoteni hauna njia humo. Hapana atakayesema jiji halihitaji barabara. Lakini kipimo cha mahali pa kuweka fedha bado kinafanana mno na kile cha mwaka 1965.

Na jina nalo limeanza kuchakaa. Mtu wa Lavington akisema leo kwamba bomba lake limetengenezwa kijuakali, hasifu. Maana ya fundi imepungua, maana ya kulipua imeingia. Huo ni mwendo wa kawaida wa maneno yanayotaja watu wa chini: hupanda pamoja na heshima yao, na heshima ikisimama nayo hurudi nyuma.

Uchunguzi wa shirika la takwimu la Kenya uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.41. Zilizokuwa na leseni zilikuwa milioni 1.56, milioni 5.85 hazikuwa nayo. Taarifa za uchumi za kila mwaka huonyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi, ukiondoa kilimo kidogo, wamo katika sekta hiyo. Takwimu hizo huchapishwa kwa Kiingereza chini ya jina lile la mwaka 1972, lenye kikanushi. Gazeti la Kiswahili likizipokea huandika *sekta ya juakali*, na siku hizi aghalabu kwa neno moja, bila ya nafasi kati ya jua na ukali wake. Mafundi wa Kamukunji, waliojengewa mapaa, nao huitwa hivyo hivyo, ingawa jua haliwafikii.